Sema Yumo

Nimekasirika. Nalisema mapema ili asije mtu akanitafutia maneno ya heshima, akasema nina majonzi, nimefikwa, nimejaliwa mtihani. Nimekasirika, basi. Tangu siku maji yalipomchukua mume wangu Machano mbele ya macho yangu, hasira hii nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeipikia chai ikanywa, na bado haijaaga. Mji wenyewe siutaji. Mji uliokunywa watu wake siupi heshima ya kuitwa jina. Nitasema tu kwamba katikati yake palikuwa na Birika, hodhi la maji kubwa hata aliyesimama ukingo huu hakumtambua aliyesimama ukingo ule, na kwamba sote tulizaliwa tumelikuta.

Kwetu kila mtu huzaliwa na asili yake. Wengi ni watu wa shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi humpaka mtu kidevuni baada ya wembe. Machano alikuwa wa shabu. Alikuwa na kona zilizonyooka, ukimtazama kwenye jua unamwona mpaka ndani kidogo, na ukimbusu mdomo unakukunjamana kwa ukakasi. Wachache ni watu wa mafuta, na mimi, Mize, ni mmoja wao. Tulipooana watu wakauliza shabu na mafuta vitakaaje nyumba moja. Vinakaa! Ingia kwa kinyozi yeyote uone, vimepangwa rafu moja na havijawahi kushitakiana. Mimi sikumyeyusha na yeye hakuniyeyusha. Tulikaa ubavu kwa ubavu, tukanuniana, tukapatana. Siku moja tukagombana kwa jambo ambalo hata silikumbuki, nikamng'ata kidole gumba cha mkono wa kushoto mpaka kipande kikatoka na kucha yake.

"Mize!" alipiga kelele. "Una kichaa cha mbwa wewe?"

Kisha akacheka, huku amekibana kidole kwapani. Kile kipande sikukitema. Nilikisukuma kwenye shavu kikakaa, maana shabu haiyeyuki kinywani mwa mtu wa mafuta. Machano alijua kiko pale. Wakati mwingine alinigusa shavu kwa nje akakitafuta, akacheka tena.

Sasa njooni kwa Mwenye Mwiko. Jina lake Vuai. Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni mwa Birika na mwiko mrefu kumshinda yeye mwenyewe, akikoroga na kuhutubia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezoea kukoroga hata ukawa haujui kutulia. Akila unakoroga, akimpa mtu pole ya msiba unakoroga, akilala mkewe alisema ulikuwa ukikoroga shuka. Na maneno yake yalikuwa yale yale kila siku.

"Ndugu zangu, mtu peke yake ni punje. Punje hupeperushwa. Ingieni tuwe kitu kimoja, kisichoonekana mwanzo wala mwisho."

Watu wakaingia. Waliingia kwa makofi, jamani, waliingia na watoto. Mwanzoni maji yalikuwa baridi, nayo yana kiasi chake. Yaliwapokea watu mpaka yakashiba, na waliofuata wakazama chini wakakaa pale wazima, macho yamewatoka, wakituangalia kutoka sakafuni. Aibu ile! Kitu kimoja kina watu wamekaa chini! Vuai akaamuru moto. Wakang'oa milango yetu, wakavunja vitanda, mabao ya kufulia, majeneza, wakatia chini ya Birika. Maji yakachemka, na maji ya moto yana ulafi ambao ya baridi hayana. Wote waliokuwa wamekaa chini wakapotea, na nafasi ikapatikana ya wengine, na wengine juu ya hao.

Nataka niseme maji yanavyofanya, kwa sababu watu hutamka neno kuyeyuka kwa sauti ya upole, kama kusinzia. Nilisimama karibu, niliona. Ndani ya mtu wa shabu kuna chembe zilizotoa na zilizopokea, zimeshikana kwa sababu hiyo tu, huyu amepungukiwa na yule amezidiwa, na kushikana kwao ndiko kunakompa mtu umbo lake. Maji nayo yana nyuso mbili. Chembe moja ya maji, upande huu ina oksijeni inayovuta kila kitu kwake, upande ule ina haidrojeni mbili zilizonyang'anywa. Kwa aliyepungukiwa yanageuza uso mmoja, kwa aliyezidiwa yanageuza uso wa pili, na kila mmoja anasikia analotaka kusikia. Yanaanzia kwenye kona. Yanamzunguka kila mmoja, yanamshangilia, yote yamemwelekea yeye, hajawahi kupendwa hivyo maishani, na wakati anashangaa ameshaachana na yule aliyekuwa ameshikana naye tangu kuumbwa. Hakuna aliyempiga. Ukiwauliza maji watakwambia, sisi tulimkumbatia.

Machano hakuingia kwa hiari. Alisimama ukingoni akisema anataka kwanza kujua mtu anatokaje. Swali tu hilo! Vuai akamwekea kiganja cha kulia mgongoni, kile chenye sugu la mwiko, akamsukuma. Machano akageuka hewani, akaanza, "Mize, usi..." na sijui mpaka leo nisifanye nini. Kona zake zilikwenda kwanza. Halafu mabega. Halafu pale alipokuwa palikuwa maji safi.

"Na wewe mbona mkavu?" nilimpigia Vuai kelele. "Unawahubiria watu maji na viatu vyako havina hata tone! Ingia basi! Ingia tukuone!"

Watu waligeuka wakamtazama. Yeye pia alikuwa wa shabu, tena shabu kubwa. Mkono wake ulisimama kukoroga, mara ya kwanza tangu nimjue. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote, makofi yale yale aliyowafundisha, nayo hayakukoma. Aliulaza mwiko ukingoni taratibu, akacheka kicheko cha mtu anayetafuta pa kupitia, hapakuwepo, akaingia. Maji yalikuwa ya moto sana. Yalimmaliza kabla hajajuta vizuri. Nilifurahi? Nilifurahi, wallahi, na nikafurahi tena nilipofika nyumbani.

Lakini mwiko haukulala. Aliuokota Bi Kazija, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akiniazima chekeche kila Ijumaa. Asubuhi ile ile alikuwa amemtia binti yake Wahida kwenye Birika kwa mikono yake mwenyewe, akimwimbia. Aliushika mwiko kwa mikono yote miwili kama mtu anayetwanga, akaendelea pale pale Vuai alipoishia, neno kwa neno.

Nami nikaruka ndani. Ndiyo, mimi. Nilitaka kumfuata. Nilizama mpaka nikagusa chini, nikafumbua kinywa nimwite, na maji yakanipandisha juu. Nikazama tena, yakanipandisha. Nikakaa juu pale nimetandazika, naelea, navunjika vipande na kukusanyika, nikilia, na chini yangu mume wangu alikuwa kila mahali.

Mmenikataa kwa nini? Niliwauliza maji, uso wangu juu ya uso wao. Nichukieni basi! Chuki ningeielewa, chuki ina jina la mtu ndani yake. Maji hayakunichukia. Hili ndilo linalonifanya nisage meno mpaka leo. Maji hayana habari nami. Maji yanapendana yenyewe, haidrojeni ya huyu imeshika oksijeni ya yule, wameshikana mikono Birika zima, na mimi nisiye na uso wa kuvuta wala wa kuvutwa, kunipisha katikati yao kungewalazimu waachane. Kwa nini waachane kwa ajili yangu? Wakafunga mduara, wakaendelea na mapenzi yao, mimi nikajikuta nje. Hakuna aliyenifukuza! Nitamshitaki nani? Watu wa Bi Kazija wakaniengua kwa pawa zao kama povu la maharage, wakanimwaga mchangani.

Sisi wa mafuta tuna yetu, lakini ni ndogo, mtu hataitungia wimbo. Kwa kitambo kidogo naegemea upande, na aliye karibu nami anaegemea upande, tunavutana kidogo, imepita. Tena. Imepita. Mguso mmoja wa namna hiyo hauwezi kumzuia hata inzi. Ila ukikaa na mtu muda mrefu, umemgusa na kugusana naye kotekote, ile midogo hujumlishana ikawa kitu kinachouma kukibandua. Nililala mchangani pale nikakisukuma kipande cha Machano kwa ulimi, huku na huku, huku na huku.

Kisha kuni zikaisha. Hapakuwa na mlango hata mmoja mjini, tulilala wazi kama masoko. Moto ukafa, Birika likaanza kupoa, na Bi Kazija na watu wake wa pawa wakajikusanya kwa hofu wakitazama ndani, maana kila mtu alijua maji ya baridi hayabebi watu wengi kiasi kile. Wakasubiri. Maji yakapoa kabisa na hayakumrudisha mtu. Yalibaki maangavu, kimya, hata samaki asingetamani kuyachafua.

"Mnaona?" Bi Kazija alisema, na machozi yalimtoka kwa fahari. "Hakuna anayetaka kurudi."

Siku hiyo hiyo ikaja amri ya ukimya. Tukaambiwa tusitwange. Tufunge miguu vitambaa. Mwenye kikohozi ahamie nje ya mji. Birika likafunikwa shuka nyeupe lisiingie hata vumbi, na kuta zake za ndani zikasuguliwa mpaka zikawa laini kama yai. Nilijiuliza, watu ambao hawataki kurudi wanalindwa na chafya ya nani? Nilijiuliza tu. Hasira zilinizuia kufika mwisho wa swali.

Na kila mwezi ukiandama ilikuwa Siku ya Kuonja. Waliobaki tulipanga foleni na vijiko vyetu, miguu imefungwa, kila mmoja akapewa kijiko cha maji, akaonja, akasema kwa mnong'ono, "Yumo." Ndiyo iliyokuwa matanga yetu. Ukisema yumo, unakwenda zako. Miezi yote ile nilikataa kwenda, nikajifanya mgonjwa, mpaka watu wa pawa walipokuja kunichukua kwenye nyumba isiyo na mlango wa kuwafungia.

"Onja, shoga yangu," Bi Kazija alininong'oneza. Alikuwa amekonda. Mwiko ulikuwa umeegemea ukuta. Siku hizi hata kukoroga waliogopa.

Nikaonja. Ukakasi ulinikunja mdomo, ule ule. Alikuwa yeye. Alikuwa yeye jinsi alivyokuwa kila alipotoka kazini akanibusu kabla ya kunawa.

"Sema yumo."

"Yumo wapi? Kijiko hiki ni kipi chake? Goti? Sikio?"

"Kila kijiko ni yeye."

"Na Wahida wako?"

"Na Wahida. Punguza sauti, Mize."

"Na Vuai pia?"

Akautazama mwiko pale ukutani.

"Kwa hiyo nimemlamba na Vuai. Ahsante sana. Mmenipa mume wangu na aliyemsukuma, kwenye kijiko kimoja, na mnataka niseme alhamdulillahi!"

Nyuma yangu mtu alianza kucheka akajiziba kwa kanga. Bi Kazija alinishika mkono. "Si wanapendeza hivyo?" alisema. "Hawagombani. Wahida alikuwa hanisikilizi, akinijibu vibaya, akinitoka usiku. Sasa hivi kila mahali nikigusa ni yeye. Sijampoteza, Mize. Sema yumo, uende nyumbani."

Alikuwa anamaanisha, na hilo lilinikasirisha kuliko yote. Maana ni kweli, alikuwemo. Aliyeyeyuka hajaisha, ulimi wangu ulishuhudia. Lakini mume ambaye hawezi kukuudhi yuko wapi? Ambaye huwezi kumwambia sogea? Nilizunguka Birika zima kwa macho nikitafuta mahali pamoja ambapo Machano alikuwa zaidi na Vuai alikuwa kidogo, hata inchi moja. Kote walikuwa sawa. Wamechanganywa kwa haki kabisa, na haki hiyo niliitemea mate.

Hapo ndipo Bi Kazija alipoliona shavu langu.

"Una nini mdomoni?"

"Ulimi."

"Mize, una kipande chake. Hairuhusiwi kubaki chochote nje." Watu wa pawa wakasogea. "Kitoe. Tafadhali. Watakufungua taya, na mimi sitaweza kuwazuia."

Damu ilinipanda mpaka masikio yakafunga. Milango yangu walichukua, kitanda changu, mume wangu mzima, na sasa wanataka kucha! Nilivuta ile shuka nyeupe ikaanguka. Nikakitema kile kipande kiganjani, kidogo kama punje ya mchele, bado kina umbo la meno yangu.

"Mmemla mzima na mnataka na kidole?" Nilipiga kelele, na sauti ilikuwa imekaa muda mrefu hata ikatoka mbili kwa pamoja. "Haya, kuleni! Shibeni! Mkabwe nacho!"

Nikakitupa ndani.

Hakikuzama. Kilifika katikati ya maji kikasimama, na weupe ukakizunguka. Kwanza ukucha, kisha kidole gumba kizima, kisha kiganja. Halafu ikaenda kote kwa mara moja, kama shira ya visheti inavyogeuka nyeupe ghafla ukiendelea kuigeuza. Maji yalisikika yakipasuka, kacha, kacha, kacha, yakapata hata uvuguvugu, na fuwele zikasimama kutoka ukingo mpaka ukingo, kona kwa kona, mabega, vichwa, watu! Ndipo nilipoelewa ukimya wote ule. Maji yalikuwa yamebeba kupita uwezo wake na yalikuwa yakisubiri tu yaguswe. Walijua. Labda hawakujua kwamba wanajua. Mji mzima ulitembea kwa vitambaa miguuni kwa kuogopa kitu cha ukubwa wa kucha.

Walitoka wakichuruzika, wakakanyagana, wakaelekea nyumbani, nyumba yoyote, milango hapakuwa nayo ya kuwachagulia. Wengine waliitika kwa majina matatu. Bi Kazija aliuacha mwiko ukaanguka, akakimbilia kwenye kundi akiita, na msichana mmoja akasimama. Alikuwa na nywele za Wahida. Macho yalikuwa ya mtu mzima, tena mwanamume. Bi Kazija alimtazama, akamkumbatia hivyo hivyo, akamwambia twende nyumbani, mwanangu. Sikuwa na nafasi ya kumcheka.

Machano alikuja wa mwisho, akitanguliza mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa na alama za meno yangu na nilikitambua kabla sijamtazama usoni. Nilikishika nikakibusu mpaka mdomo ukakunjamana. Kidole kile ni chake, nitaapa popote. Kiganja ni chake. Kiwiko nadhani ni chake. Kadiri nilivyopanda kutoka kwenye kidole ndivyo nilivyoishiwa na uhakika. Kifua kilikuwa na joto ambalo sikulizoea. Uso ulikuwa wake, ila ulinitazama kama unavyotazama umati.

"Machano."

"Tumerudi," alisema.

Nilimpeleka nyumbani, nikamkalisha kwenye mkeka, nikampa chai. Chai ya mkandaa tu, haina maziwa, haina sukari, haina cha kukoroga. Mkono wa kushoto ulikaa gotini kwangu kama zamani. Mkono wa kulia uliokota kijiko, ukakitia kwenye kikombe, ukaanza. Ukazunguka, ukazunguka. Nilisubiri uache. Chai ikapoa. Nilikitazama kile kiganja kwa chini nikaliona sugu la mwiko, gumu, la njano, pale pale lilipokuwa siku lilipowekwa kwenye mgongo wa mume wangu.

"Acha kukoroga," nilimwambia.

"Hatukorogi."

"Nyinyi akina nani hamkorogi? Uko na nani? Sema mimi! Sema mimi, Machano, neno dogo hilo, sema!"

"Tumechoka, bibi wee," ule mdomo ulisema, na Machano hajapata kuniita bibi wee. Nje, upande wa Birika, nikasikia shoka. Walikuwa wameanza na mihimili ya mapaa, wapate kuni za moto mpya. Mkono wa kulia pia ulisikia, nao ukaongeza kasi, chai ikamwagika mkekani, na ule wa kushoto ukanibana goti kwa nguvu, kwa woga, ukijua.

Hapo sikufikiri. Niliukamata mkono wa mwiko, nikakibandua kidole gumba kwenye kijiko, nikakitia kinywani, nikauma. Niliuma kwa ajili ya milango yangu. Niliuma kwa ajili ya kitanda, na kijiko, na kila aliyenong'ona yumo. Niliuma mpaka nikasikia shabu ikipasuka kwenye magego, na kwa hakika sikujua ninamuumiza nani.

Kijiko kikaanguka.

"Mize!" alipiga kelele, yeye, kwa sauti yake mwenyewe, iliyotoka mbali chini ya zile nyingine. "Una kichaa cha mbwa wewe?"

Ndipo nilipolia, kidole bado kiko mdomoni, na sikukiachia.